Rangi, udongo au ususi? Kuchagua darasa la kuanzia kwa watu wazima wenye ulemavu hapa Mwanza

Ukumbi umeshapata, labda wa kanisa pale Mabatini au kachumba nyuma ya ofisi ya kata kule Igoma, wamekuachia Jumamosi mchana. Watu kama kumi wamesema watakuja: mmoja anatumia kiti mwendo, mwingine haoni, wawili ni viziwi, yupo kaka ana mtindio wa ubongo na mama yake anasema atakaa naye humohumo. Hela ni ya mawazo. Na swali limebaki moja, tuanze na nini?

Hapa nalinganisha vitu vitatu ambavyo mtu wa Mwanza anaweza kuvianzisha bila kusubiri mfadhili: kuchora kwa rangi, kufinyanga udongo, na ususi (vikapu, mikeka, kazi za nyuzi na nyavu). Batiki nitaigusa pembeni tu, utaona kwanini.

Kabla hatujaenda mbali, wengi wanachagua kwa jina la ulemavu, yaani asiyeona mpe udongo, kiziwi mpe rangi, anayetumia kiti mwendo mpe vikapu kwa sababu "anakaa tu". Inasaidia kidogo mwanzoni ila inadanganya sana, maana wasioona wawili wanaweza kuwa tofauti kabisa, mmoja alizaliwa hivo, mwingine alikuwa mvuvi akapoteza macho akiwa na miaka arobaini na vidole vyake bado vinajua kufunga fundo gizani. Mi naangalia vitu viwili kwanza, mikono ya mtu inafanya nini na anarudije nyumbani.

Vigezo nilivyotumia

Hela, ya kuanzia na ya kila wiki. Mikono, inahitaji nguvu kiasi gani na je mkono mmoja unatosha. Macho na masikio, yaani maelekezo yanamfikiaje mtu. Sehemu na njia, hapo nina maana ya ukumbi, maji, kuhifadhi, na kubeba kazi. Hatari. Alafu kinachobaki, mtu anaenda na nini nyumbani na kama kinauzika.

Hicho kigezo cha njia usikichukulie poa. Mwanza ni mawe na milima, nyumba za Igogo na Mabatini nyingi zimepanda juu kwenye majabali, unafika kwa ngazi za mawe na vinjia ambavyo hata boda inaishia chini. Mtu wa kiti mwendo anabebwa mgongoni na mdogo wake mpaka barabarani, kiti kinafuata nyuma, ndo bajaji ije. Kwahiyo darasa la aina yoyote, nauli ya bajaji ndo inayokula bajeti kuliko rangi au uzi, na darasa linalomlazimu mtu aje kila wiki bila kukosa ni ghali kuliko linaonekana kwenye karatasi.

Kuhusu kuuza pia tuelewane. Familia zitakuuliza mapema, "mwalimu, hii inalipa?" Swali la haki kabisa. Ila Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kwenye ibara ya 30 unasema mtu mwenye ulemavu apate nafasi ya kukuza kipaji chake cha sanaa kwa faida yake mwenyewe na kwa jamii pia. Kwa faida yake mwenyewe. Kwahiyo mzee akija kuchora samaki kwa sababu anapenda tu kuchora samaki, hajapoteza muda wa mtu.

KUCHORA KWA RANGI

Hela. Kuanza ni rahisi, manila, brashi chache, rangi za maji. Ukitaka kubana zaidi nunua rangi nyeupe ya ukutani ya maji kwenye duka la hadwea pamoja na vile vichupa vya rangi za kuchanganyia, na badala ya karatasi tumia maboksi ya katoni yaliyokatwa vizuri, yanavumilia maji kuliko manila. Tatizo ni kwamba rangi inaisha, kila mwezi unanunua tena. Edward Said Tingatinga alipoanza Dar miaka ya mwisho ya 1960 alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi za dari, na mpaka leo wachoraji wa mtindo huo wanapenda hizo rangi, ila kwenye ukumbi mdogo wenye watu wa pumu usizilete, harufu yake na ile tina ya kusafishia havifai.

Mikono. Hapa rangi inashinda kwa upana. Brashi unaweza kuizungushia kipande cha ndala iliyokatika au tyubu ya baiskeli mpaka mpini unene, mtu asiyeweza kukunja vidole akaishika. Unaweza kuifunga kiganjani kwa kitambaa. Wapo wanaochora kwa mdomo na kwa miguu, na kuna chama chao cha kimataifa kilichoanzishwa na Erich Stegmann, Mjerumani aliyepata polio na mwenyewe alikuwa anachora kwa mdomo. Karatasi ibandikwe mezani kwa selotepu pembe zote nne, la sivyo mwenye mkono mmoja atahangaika kuikimbiza badala ya kuchora. Na meza iwe na uwazi wa kama sentimita 70 chini ili magoti ya anayetumia kiti mwendo yaingie, meza nyingi za kanisani zina ubao wa kuzuia mbele, uangalie mapema.

Macho na masikio. Kwa viziwi ni njia nzuri maana unaonyesha, mtu anaona, anafanya. Lakini usijidanganye kwamba mkalimani wa lugha ya alama hahitajiki, kwa sababu mtu mzima anataka kuuliza kwanini na kubishana, siyo kuiga tu. Mwenye uoni hafifu, pamoja na ndugu zetu wenye ualbino ambao wengi wana uoni hafifu, mpe karatasi nyeusi na rangi nyeupe au njano, tofauti inaonekana. Asiyeona kabisa unaweza kumchorea mistari kwa gundi ya mbao, ikikauka inabaki kama uzi unaoguswa, na rangi zingine ukazichanganya na mchanga ili kila moja iwe na mguso wake. Inafanya kazi, ila kusema ukweli ni kuzunguka sana, na sio kila mtu ataona raha.

Sehemu na njia. Vifaa vyote vinaingia kwenye begi moja. Unahitaji ndoo ya maji na kamba ya kuanikia. Ukumbi wa kuazima unatosha kabisa. Ukiwa karibu na ziwa, mchana upepo unavuma kutoka majini, madirisha yakiwa wazi karatasi zote zinapaa.

Hatari. Ndogo. Angalia tu watu ambao wanaweka vitu mdomoni.

Kinachobaki. Picha. Inakaa ukutani, mtoto wa mtu anaiona, majirani wanauliza nani kachora. Kuuza ni taratibu, watalii wengi hapa wanapita tu kuelekea Serengeti, kwahiyo kadi ndogo za Idi na Krismasi zinaweza kutoka haraka kuliko picha kubwa.

Inamfaa zaidi mwalimu asiye na sehemu ya kudumu, na kundi lenye mikono ya kila aina. Haimfai sana asiyeona kabisa, na yule mzee ambaye akiona karatasi tupu anaogopa kuiharibu (wapo wengi, shule ilituharibu).

UDONGO

Hela. Udongo wenyewe ni wa bure au karibu na bure ukimpata mfinyanzi akuonyeshe bonde analochimba. Unacholipa ni kuusafirisha, kuuloweka, kuuchuja mawe, na mgongo wako. Njia ya mkato ni donge la unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, unakanda kama wa chapati na kazi ikikauka inakuwa ngumu bila kuchomwa. Ila jiandae, kuna mama atakuuliza kwanini mnachezea unga wakati watu hawajala, na hutakuwa na jibu zuri.

Mikono. Kukanda kunahitaji nguvu, lakini kufinyanga siyo lazima. Ukimpa mtu udongo ambao umeshakandwa laini anaweza kutengeneza chungu kwa kubonyeza tu na dole gumba. Mwenye mkono mmoja aweke donge ndani ya bakuli lililotandikwa nailoni, bakuli linashika, mkono unabonyeza. Mikono inayotetemeka inapumzika hapa kwa sababu udongo unasamehe, ukikosea unaubonda unaanza upya, wakati rangi ikishamwagika imemwagika. Kwa aliyepata kiharusi inaweza kuwa zoezi zuri ila aulizwe kwanza mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo, mkono unaokakamaa ukilazimishwa unazidi. Mwenye ganzi mikononi, kwa mfano aliyewahi kuugua ukoma, mwangalie mikono mwishoni, anaweza kukatwa na kijiwe na asijue.

Macho na masikio. Kwa asiyeona hapa ndo nyumbani. Kila kitu kinaguswa, na anayeona hana faida yoyote kubwa juu yake. Ukimfundisha usimkamate mkono bila kumwambia, mwombe aweke mikono yake juu ya yako afuate unavyofanya, ni heshima na pia anaelewa zaidi. Kwa viziwi kuna kitu watu hawakifikirii: mikono ikishajaa tope mtu hawezi kuongea. Akiongea kwa alama anarusha udongo, akimwangalia mkalimani haoni kazi yake. Kwahiyo unagawa somo, unaeleza wote wakiwa mikono mitupu, kisha kazi, kisha mnasimama, ndoo ya kunawa iko katikati. Ukiharakisha, viziwi wataachwa kwenye darasa ambalo kila mtu anadhani ni la kimya.

Sehemu na njia. Hapa udongo unaumiza. Unataka maji mengi, sakafu ya kuoshwa, na rafu ya kukaushia kazi wiki moja hadi mbili bila watoto wa Sunday school kuzigusa, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Maji ya tope usiyamwage kwenye sinki la kanisa, yataziba, yamwage nje baada ya tope kutulia chini ya ndoo. Na hakuna mtu atapanda daladala ya Buhongwa Jumamosi jioni na chungu kibichi mkononi akifika nacho kizima. Kazi inabaki darasani, kwahiyo lazima ukumbi uwe wako au wa watu wanaokuelewa sana.

Hatari. Vumbi la udongo mkavu ni baya kwa mapafu, futa kwa kitambaa kibichi, usifagie pakavu. Kuchoma kwa kuni au samadi ya ng'ombe kwenye shimo ni kazi ya mfinyanzi anayejua, chungu chenye unyevu ndani kinapasuka motoni na kuruka vipande.

Kinachobaki. Vyungu vidogo, vyetezo vya udi, sanamu. Vyetezo vinauzika. Lakini vingine vitapasuka, na mtu aliyekaa na kazi yake wiki tatu akikuta vigae anaumia, mweleze mapema kabla ya moto na mtengeneze zaidi ya kimoja.

Inamfaa zaidi asiyeona, mwenye mikono isiyotulia, na mtu ambaye hapendi "kuchora". Inamtesa mwalimu wa ukumbi wa kuazima.

USUSI NA NYUZI

Hela. Karibu kila kitu kipo kando ya ziwa. Mafunjo, ukindu, magugu maji yaliyokaushwa, mikanda ya plastiki ya kufungia katoni, vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani, na nyavu chakavu. Nyavu omba kwa wavuvi kupitia BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wenu ili kila mtu ajue umezitoa wapi, maana nyavu za timba (zile za uzi mmoja wa plastiki) zimepigwa marufuku na hutaki kuulizwa maswali. Zioshe mara nyingi, ukumbi unaonuka dagaa utanyang'anywa.

Mikono. Hapa mambo ni mchanganyiko. Ususi wa kawaida unataka mikono miwili na vidole vinavyobana, kwa wenye maumivu ya viungo nusu saa ni nyingi. Mkono mmoja unawezekana ukitumia fremu ya mbao yenye misumari, imefungwa mezani kwa klempu ya seremala, mtu anapitisha utepe juu na chini tu. Faida kubwa ni kwamba watu wazima wa huku wengi wanaijua kazi tayari. Mvuvi wa zamani wa Kirumba aliyekatwa mguu anakuja anajua kushona nyavu kukuzidi, mama wa Ukerewe anajua kusuka mkeka tangu msichana. Wiki ya kwanza tu wewe ndo mwanafunzi wao, na mtu mzima aliyezoea kusaidiwa kila siku, siku hiyo anaitwa fundi. Kwa kigezo hicho kimoja ususi mi naupenda kuliko vingine.

Macho na masikio. Asiyeona anasuka vizuri mradi nyuzi ziwe na mguso tofauti, mfano ukindu na mkanda wa plastiki, badala ya rangi mbili za uzi uleule. Kiziwi anafuata kwa macho na mikono ni mikavu, anaweza kusimama akaongea wakati wowote.

Kwa watu wenye ulemavu wa akili, kuhesabu mbili juu moja chini kunaweza kuwachosha mpaka wakakata tamaa, na hapo walimu wengi wanasema huyu hawezi. Kuna habari ya Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa 1943 akiwa na Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoleta ulemavu wa akili, na alikuwa kiziwi. Alikaa kwenye taasisi miaka mingi mpaka dada yake pacha alipomchukua, na mwaka 1987 akaanza kwenda kituo cha sanaa cha Creative Growth kule Oakland, California, kilichoanzishwa 1974 kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu. Walimpa rangi, hakuonyesha hamu. Baadaye akakutana na darasa la nyuzi, akaanza kuvifunika vitu kwa nyuzi na vitambaa, tabaka juu ya tabaka, vinyago vikubwa ambavyo hakuna aliyemfundisha, na aliendelea hivo mpaka alipofariki 2005. Leo kazi zake ziko makumbusho. Hakuhesabu mbili juu moja chini. Mtu kama huyo akitokea darasani kwako mpe nyuzi, mpe kitu cha kuzungushia, mwache.

Sehemu na njia. Ndo penyewe. Maji mengi hayahitajiki, meza si lazima, mnakaa kwenye mkeka chini ya mwembe (anayekaa kwenye kiti mwendo asiachwe peke yake juu, tafuteni viti kadhaa), na kazi inaenda nyumbani mkobani. Akikosa wiki mbili kwa sababu ya nauli au kwa sababu mvua imefanya njia ya mawe iteleze, anaendelea kusuka kwake.

Hatari. Visu na nyuzi kali za majani, vinakata. Magugu maji usiwapeleke wanafunzi kuyavuna majini, kichocho kipo, nyoka wapo, na sehemu zingine mamba. Waachie wenye mitumbwi.

Kinachobaki. Kapu linauzika, hilo halina ubishi, mtu wa sokoni haulizi nani kalitengeneza. Ndo hapohapo pana mtego, oda zikianza kuja darasa linageuka karakana, wenye kasi wanabaki na wanaochelewa wanasukumwa pembeni. Kama mnataka karakana semeni ni karakana na mlipane. Neema Crafts ya Iringa ilianza 2003 na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi, leo ina duka na mgahawa, lakini ile ni biashara inayoendeshwa kama biashara.

Na batiki? Nta ya moto, na kemikali za rangi, haidrosi na kosti soda. Inapendeza na inauzika, ila kwenye chumba chenye mtu wa kifafa, asiyeona na mwenye ganzi mikononi, isiwe ya kuanzia. Akiwepo fundi mzoefu na wasaidizi wa kutosha, baadaye.

KWA HALI YAKO

Hujui nani atakuja na ukumbi ni wa kuazima: rangi, na pembeni weka kifurushi cha mikanda na ukindu kwa ajili ya atakayekunja uso akiona brashi. Baada ya mwezi watu wenyewe watakuwa wameshakuonyesha wanaelekea wapi.

Wengi hawaoni na una chumba cha kudumu chenye maji: udongo. Chumba cha kudumu hamna: ususi, udongo usubiri.

Wengi ni viziwi: rangi au ususi vyote sawa, kinachoamua ni mkalimani, kwahiyo anzia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, uwaulizie kabla ya kununua hata brashi moja.

Wengi wana ulemavu wa akili: rangi au nyuzi za kuzungushia, kundi dogo, na mlezi akae mbali kidogo. Mama akishika brashi kwa niaba ya kijana wake wa miaka thelathini mpe na yeye karatasi yake, atasahau kuingilia. Na jamani, msilete picha za katuni za kupaka rangi, ni watu wazima hao, wachoreni mitumbwi, ng'ombe, Jiwe la Bismarck, wachumba zao.

Kuna wenye ualbino: darasa lolote, ila kivuli cha uhakika na muda usiwe saa sita mchana. Mwembe wenye majani machache hautoshi.

Mnataka kipato: ususi kwanza, vyetezo baadae. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 2 ni za watu wenye ulemavu. Ni mkopo lakini, unarudishwa, kwahiyo hakikisheni makapu yana mnunuzi kabla ya kusaini.

Watu wako visiwani au wanakuja mjini kwa kivuko mara moja moja: ususi, hakuna kingine kinachovumilia wiki nne bila mwalimu.

Na kama mnaishia watu watatu tu ambao kushuka mlimani ni shida, acha ukumbi. Chukua begi la rangi upande wewe, leo kwa huyu kesho kwa yule, nauli ya bajaji tatu itakuwa imekuwa ya boda moja na miguu yako.